Jeki ya tipa
Jeki ya tipa ni mtambo wa haidroli unaoinua bodi ya lori ili kumwaga mchanga, mawe au kokoto. Pampu inayoendeshwa na injini kupitia giaboksi husukuma oili ndani ya silinda, na pistoni hupanda. Bodi hushuka kwa uzito wake, oili ikirudi kwenye tangi.

Katika malori ya zamani sili za mpira huchakaa, oili huvuja na bodi huweza kushuka ghafla. Kwa hiyo kabla fundi hajaingia chini yake, bodi huondolewa mzigo na kuegemezwa kwa nguzo imara ya chuma. Jeki peke yake haitoshi. Uvujaji hautafutwi kwa kidole, kwa sababu oili yenye shinikizo inaweza kupenya ngozi.

Miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, kama Kibosho na Marangu, huongeza hatari. Lori likiinama upande mmoja, bodi iliyoinuliwa huweza kulipindua, hasa mchanga mbichi ukiganda juu. Dereva humwaga mahali tambarare, mbali na nyaya za umeme, wala haondoki bodi ikiwa imeinuliwa.