Fundi wa Bao Hana Daftari

Oktoba 1985, mjini Moscow, Garry Kasparov alicheza sataranji kwa kete nyeusi dhidi ya bingwa wa dunia, Anatoly Karpov, katika mchezo wa 16 wa kugombea ubingwa. Ufunguzi ulikuwa wa Kisisilia. Hatua ya nane akatoa kitunda kafara. Baadaye farasi wake akapiga kambi kwenye mraba wa d3, na jeshi la Karpov likakosa pa kupumulia. Mwezi uliofuata Kasparov, kijana wa miaka 22, akatwaa ubingwa. Mchezo huo wa 16 mtoto yeyote anaweza kuurudia leo, kwa kuwa sataranji huandikwa. Padri Ruy López wa Hispania alichapisha kitabu chake cha sataranji mwaka 1561.

Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, zimekaa kati ya shule kubwa za mchezo mwingine wenye mabingwa wa kiwango hicho, ila hawana daftari: bao na jamaa zake. Ng'ambo ya mto Kagera, Wanyarwanda wana igisoro. Kaskazini, Waganda wana omweso. Kote ni mashimo 32 na kete 64. Katika omweso mchezaji huzipanga kete zake 32 apendavyo kabla ya vita, na mpangilio huo ndio ufunguzi wenyewe. Bao la Waswahili limefunga mlango huo: shimo liitwalo nyumba hupewa kete sita, mashimo mawili jirani kete mbili mbili, na 22 hubaki mkononi. Hunamuliwa, yaani huingizwa ubaoni, moja moja hadi ziishe, ndipo uanze mtaji, awamu ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Kinachogombewa mwanzoni ni nyumba. Ukiisafirisha mapema utatawanya kete nyingi, lakini umepoteza ghala. Ukiitunza mno, mwenzako ataizingira.

Mipaka ya eneo hili la Ngara na Biharamulo imehama mara nyingi. Wajerumani walijenga boma Biharamulo, Wabelgiji wakaingia 1916, na Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo, ikatolewa Urundi ikaletwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliokimbia vita Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Mchezo unaoweza kuchezwa kwa mashimo ya ardhini na kokoto huvuka pamoja na watu.

Mwalimu Nyerere alilipenda bao. Mtafiti Alex de Voogt aliandika tasnifu kulihusu mwaka 1995, akichunguza jinsi mafundi wa Zanzibar wanavyopiga hesabu ndefu kichwani. Mafundi wa Kagera nao wanastahili heshima hiyo, tena upesi, maana wazee hawatungoji. Ili michezo yao iandikwe, safu ya mbele iitwe A, ya nyuma B, mashimo yapewe namba 1 hadi 8. Kwa alama hizo, daftari moja la shule linatosha kuanza.