Shingo Isiyo na Uvimbe: Karne ya Ubishi Kuhusu Saratani ya Kinywa

Saratani ya kinywa huanza ulimini, kwenye ufizi au chini ya ulimi, lakini hatima ya mgonjwa mara nyingi huamuliwa shingoni. Chembe za saratani husafiri kwa njia ya limfu hadi kwenye tezi za shingo, na zikishafika huko matumaini ya kupona hupungua kwa takriban nusu. Tatizo ni kwamba hata daktari akipapasa shingo asikute uvimbe wowote, kati ya asilimia 20 na 30 ya wagonjwa hao tayari wana saratani iliyojificha ndani ya tezi. Je, wote wapasuliwe shingo kwa ajili ya hao wachache? Madaktari wamelibishania swali hilo kwa zaidi ya miaka 100. Ukiufuata ubishi huo tangu mwanzo utaona kwamba hoja za kuogopa na hoja za kuhurumia zilizungushana tu. Kilichosogeza mambo ni hesabu.

Mwaka 1906 George Crile, mpasuaji wa Cleveland, Marekani, alichapisha taarifa ya upasuaji 132 wa saratani za kichwa na shingo. Njia yake ilikuwa kuondoa tezi zote za upande mmoja wa shingo, pamoja na msuli mkubwa wa shingo na mshipa mkuu wa damu. Baadaye Hayes Martin wa New York aliifanya njia hiyo kuwa sheria, akaitetea mwaka 1951 kwa rekodi ya upasuaji 1,450, na akasisitiza kwamba hata neva inayoinua bega ikatwe. Mgonjwa alipona akiwa na bega lililolegea na mkono usiopanda. Ila Martin huyo huyo, ambaye wengi humkumbuka kwa ukali wake, alipinga kuipasua shingo isiyo na dalili. Mwaka 1963 Osvaldo Suárez wa Argentina alieleza namna ya kutoa tezi huku msuli, mshipa na neva vikibaki. Aliandika kwa Kihispania, na wengi wakaja kuisikia habari hiyo kwa Ettore Bocca wa Italia. Sifa katika utabibu nazo hufuata lugha. Jatin Shah wa New York alipochunguza shingo 1,119 zilizokwisha kupasuliwa, matokeo aliyoyatoa mwaka 1990 yalionyesha kuwa saratani ya kinywa ikienea shingoni kwa kawaida huanzia kwenye tezi za juu na za kati. Za chini zingeweza kuachwa.

Kama njia ya saratani inatabirika, basi ipo tezi inayofikiwa kwanza. Ramón Cabañas wa Paraguay alilionyesha hilo mwaka 1977 kwa saratani ya uume, na Donald Morton wa California akalithibitisha mwaka 1992 kwa saratani ya ngozi. Kwa kinywa, daktari huchoma sindano yenye teknetiamu, dawa ya mionzi hafifu, kuzunguka kidonda, kisha huitafuta kwa kifaa cha kupima mionzi tezi iliyoipokea. Hiyo ndiyo tezi mlinzi. Hutolewa yenyewe, hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Ikiwa safi, shingo huachwa. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu njia hii kwa saratani za kichwa na shingo ulifanyika Glasgow mwaka 2001.

Wapo waliouliza kwa nini tusisubiri uvimbe utokeze ndipo tupasue. Jibu lilitoka Mumbai mwaka 2015, katika Hospitali ya Tata Memorial: waliopasuliwa shingo mapema, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitatu; waliosubiri, asilimia 67.5. Baada ya takwimu hizo, kusubiri ni vigumu kukutetea. Wengine walihofia tezi mlinzi itadanganya, na hofu hiyo ina msingi. Utafiti wa Ulaya wa mwaka huo huo, wenye wagonjwa 415, uligundua kuwa kipimo kilikamata asilimia 86 ya shingo zenye saratani. Chini ya ulimi ni pagumu zaidi, kwa sababu mionzi ya dawa iliyochomwa kuzunguka kidonda huifunika tezi iliyo jirani. Lakini upasuaji kamili wa shingo nao huweza kuacha saratani nyuma. Njia hizo mbili ziliposhindanishwa Ufaransa, na kisha Japani, katika matokeo ya mwaka 2020 na 2021, tezi mlinzi haikuzidiwa, na mabega hayakuumia sana kama kwa upasuaji kamili.

Pingamizi lenye uzito kwetu ni vifaa. Teknetiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila saa sita, na tezi huhitaji mtaalamu wa maabara mwenye muda. Pasipo na hayo, kuzitoa mapema tezi za juu na za kati za shingo ndio uamuzi sahihi, wala si tiba ya kizamani. Pwani yetu inakojulikana tambuu na kuberi (tumbaku ya mdomoni), vitu vinavyosababisha saratani hii, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu kipelekwe hospitali, na kikithibitika kuwa saratani, mgonjwa aulize: na shingo yangu mtaifanyaje?