Gitaa na Visa katika Ukanda wa Shaba wa Katanga

Kampuni ya uchimbaji wa shaba nchini Kongo, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwapa wafanyakazi wake makao ya kudumu pamoja na familia zao, na katika kambi hizo, ambamo watu wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili, gitaa lilipata wasikilizaji. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya, katika Lualaba ya leo, mwaka 1930, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952. Kidole chake gumba kilishika mapigo kwenye nyuzi nene huku cha shahada kikipiga sauti ya juu, hata gitaa moja likasikika kama mawili, na nyimbo zake zikasimulia mapenzi na maisha ya mjini. Kwa hiyo uchache wa ala haukuwa kizuizi cha usimulizi wake.