Studio ya nyumbani yenye kompyuta ya zamani

Studio ya nyumbani yenye kompyuta ya zamani ni chumba cha kawaida ambamo muziki wa kusindikiza uimbaji hutengenezwa na kurekodiwa kwa programu, kwenye kompyuta ya mezani au mpakato iliyokwisha kutumika miaka mingi. Muziki huo vijana wa Bongo Fleva huuita biti, na wanakwaya huuita plebeki. Kompyuta kuukuu hairekodi sauti mbovu kuliko kompyuta mpya. Inachopungukiwa ni uwezo wa kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, hivyo ufundi wa studio ya namna hii uko katika kuigawa kazi kwa hatua. Makala hii inazingatia mazingira ya Endasak, kata ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, iliyo kwenye njia ya kutoka Babati kwenda Katesh na Singida, jirani na Mlima Hanang.

Historia

Kwa miongo kadhaa kurekodi muziki Tanzania kulikuwa kazi ya taasisi. Bendi za dansi, vikundi vya taarabu na kwaya zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, sauti ikiingia kwenye utepe. Kwaya za kaskazini zilikuwa pia na studio ya Kilutheri ya Sauti ya Injili mjini Moshi, iliyotengeneza vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya Radio Voice of the Gospel ya Addis Ababa, kituo kilichorusha matangazo kuanzia 1963 hadi 1977. Kompyuta zenyewe zilikuwa adimu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali maalumu, na masharti hayo yaliondoka kabisa katika miaka ya 1990.

Marapa wa kwanza hawakuwa na biti zao. Saleh Jabir, aliyejulikana kama Saleh J, alipata umaarufu mwaka 1991 kwa kuimba Kiswahili juu ya muziki wa wimbo wa Kimarekani wa Vanilla Ice. Mabadiliko yalikuja baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu redio binafsi, kwani redio hizo zilihitaji nyimbo mpya za nyumbani. Maprodyuza kama Master J wa MJ Records, P-Funk Majani wa Bongo Records na Mfini Miikka Mwamba wakaanza kujenga muziki wa kusindikiza kwa vinanda na kompyuta.

Programu zilizoufikisha ufundi huo majumbani zilitoka karibu wakati mmoja. FruityLoops, ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupewa jina la FL Studio mwaka 2003. Cool Edit Pro, iliyopendwa kwa kurekodi sauti za waimbaji, ilinunuliwa na Adobe mwaka huohuo na kugeuka Adobe Audition. Audacity, inayotolewa bure, ilianza kupatikana mwaka 2000. Zote ziliweza kuendeshwa na kompyuta za mtumba za kizazi cha Pentium. Baadaye maprodyuza wa singeli wa Dar es Salaam walionyesha jinsi vifaa duni vinavyoweza kuzaa mtindo mzima: walichukua vipande vya taarabu, wakavirudiarudia na kuvikimbiza kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mkusanyo wa studio ya Sisso ya Mburahati ulitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Prosesa, kumbukumbu na diski

Sauti ya ubora wa sidii hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16 za kidijiti. Hesabu yake kwa dakika ni takriban megabaiti 10.6 kwa sauti ya pande mbili, au 5.3 kwa upande mmoja. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 12 za upande mmoja, yaani sauti zinazorekodiwa kila moja peke yake, huchukua megabaiti 254 hivi. Diski ya gigabaiti 40 hubeba zaidi ya nyimbo 100 za ukubwa huo, hata baada ya kutoa nafasi ya mfumo endeshi.

Kasi ya diski nayo haina shida kubwa. Traki 24 zikisomwa kwa pamoja zinahitaji megabaiti 2.1 kwa sekunde, mzigo ambao diski za zamani hubeba bila taabu. Kinacholemewa ni prosesa, hasa pale kila traki inapowekewa mwangwi, kichuja sauti na ala bandia. Kumbukumbu ya RAM huelemewa na ala zinazotumia rekodi za piano au nyuzi halisi, kwa sababu rekodi hizo lazima zipakiwe kabla ya kupigwa. Mfumo endeshi wa biti 32, kama Windows XP ya kawaida, hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu hata ukiongezewa.

Kuchelewa kwa sauti

Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa, yaani hifadhi ndogo ya muda, kabla ya kuichakata. Bafa ya vipimo, au sampuli, 256 huichelewesha kwa milisekunde 5.8, na ya sampuli 1,024 kwa milisekunde 23. Ucheleweshaji hutokea sauti ikiingia na tena ikitoka, kwa hiyo mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta yenye bafa kubwa hujisikia nyuma ya mdundo na kuanza kuburuta. Bafa ikiwa ndogo mno, prosesa dhaifu huzidiwa na sauti hukatikakatika.

Njia ya kawaida ya kutoka hapo ni kumfanya mwimbaji ajisikilize moja kwa moja kutoka kwenye miksa, sauti yake isizungukie kwenye kompyuta. Wakati wa kurekodi bafa hupunguzwa na madoido yote, kama mwangwi na kichuja sauti, huzimwa. Wakati wa kumiksi bafa hupandishwa hadi 1,024 au 2,048, maana hapo hakuna anayeimba. Programu ya bure ya ASIO4ALL husaidia kadi za sauti za kawaida kupunguza ucheleweshaji kwenye Windows.

Hatua za kazi

Biti hutengenezwa kwanza, ikiwa na ngoma, besi na kinanda. Ikikamilika hutolewa kama faili moja ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, kisha mradi wake hufungwa. Faili hiyo hufunguliwa peke yake kwenye programu ya kurekodia, ambako kompyuta sasa inacheza traki moja tu huku ikirekodi sauti ya mwimbaji. Kwaya ya sauti nne inaweza kurekodiwa kundi moja baada ya jingine: soprano, alto, teno na besi. Traki iliyokwisha kuwekewa madoido hutolewa upya kama WAV, na madoido yake huzimwa ili kuipumzisha prosesa. Mafundi wa utepe walikuwa na mbinu kama hiyo ya kuunganisha traki, ila kila nakala ya utepe iliongeza mkwaruzo. Nakala ya kidijiti haiongezi. Mradi wa awali huhifadhiwa, kwa kuwa traki iliyounganishwa haiwezi kutenganishwa tena.

Maikrofoni, chumba na umeme

Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani matundu ya sauti hutambulika kwa rangi: la pinki ni la maikrofoni, la samawati ni la kuingizia sauti iliyokwisha kuongezwa nguvu, la kijani ni la spika au hedifoni. Sauti kutoka kwenye miksa huingia kwenye la samawati. Ikipitishwa kwenye la pinki hupasuka. Maikrofoni ya kondensa ya studio huhitaji volti 48, ambazo tundu la kompyuta halitoi. Maikrofoni ya dainamiki, ya aina inayotumika makanisani, haihitaji umeme huo, na hushika zaidi sauti iliyo karibu kuliko kelele za mbali.

Feni ni kelele ya kwanza kudhibitiwa. Kuisafisha vumbi huipunguzia mzunguko, na kompyuta ikiwekwa mbali na maikrofoni, au nyuma ya mlango, mvumo wake hupungua zaidi. Magodoro na mablanketi yakitundikwa ukutani hupunguza mwangwi wa chumba. Mvua juu ya bati haina dawa ila kusubiri ikatike. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo waya mbovu au miksa isiyo na ethi nzuri huleta mvumo mzito kwenye rekodi. Mpakato ukitumia betri yake mara nyingi huondokana na mvumo huo. Kompyuta ya mezani huhitaji UPS, kifaa cha akiba ya umeme, kwani umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Kompyuta yenye Windows XP haipaswi kuunganishwa na intaneti, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Flashi za wateja nazo ni njia kuu ya virusi.

Muziki wa Hanang na gridi ya programu

Programu za biti hupanga mapigo kwenye gridi yenye mwendo usiobadilika na hutumia nota 12 za kinanda zilizopimwa sawa. Nyimbo za asili za Wairaqw na Wabarabaig, zinazoishi kwa kupokezana na kupiga makofi, hazikuundwa kwa kipimo hicho. Waimbaji wakilazimishwa kufuata biti iliyotangulia, wimbo hupoteza mwendo wake. Ni bora kurekodi waimbaji kwanza, wakiwa pamoja, kisha muziki wa kusindikiza upigwe kwa mkono kufuata sauti zao.

Kiiraqw kina konsonanti za msuguano wa pembeni ya ulimi, kama ile inayoandikwa sl, na sehemu kubwa ya msuguano huo iko kwenye sauti za juu. Faili ya MP3 iliyobanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde hukata sauti za juu, na maneno hufifia. Kilobiti 192 huyatunza vizuri zaidi, na bado faili huwa ndogo ya kutosha kwa memori kadi ya simu.

Hakimiliki na uhifadhi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mtunzi wa muziki, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi. Biti iliyopakuliwa kwenye intaneti ina mwenyewe, na kuiimbia kwa biashara huhitaji ruhusa. Kazi husajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, na wasanii kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Makubaliano kati ya prodyuza na kwaya kuhusu mmiliki wa plebeki huandikwa kabla ya kurekodi.

Diski ya zamani hufa bila taarifa. Kila wimbo uliokamilika huwekwa nakala mbili za WAV mahali tofauti, pamoja na traki zake moja moja na maelezo ya mwendo na ufunguo wa wimbo. Traki za WAV hufunguka kwenye programu yoyote, hivyo kazi iliyorekodiwa kwa kompyuta kuukuu inaweza kumiksiwa upya kwenye kompyuta mpya hata kama programu ya mwanzo haipo tena.