Mtoto Kiziwi Amesubiri vya Kutosha

Wasee, kuna kipimo cha masikio ambacho mtoto mchanga anafanyiwa akiwa amelala. Kifaa kidogo kinawekwa sikioni, kinatoa sauti, halafu kinasikiliza kama sikio la ndani litarudisha mwangwi. Dakika chache tu, hakuna sindano. Sasa uliza kina mama kutoka Gatwekera hadi Kawangware 46 kama watoto wao walipimwa. Wengi watakuuliza, "Kipimo gani?"

Mtoto akizaliwa huku kwetu anadungwa BCG, anapewa matone ya polio, anapimwa uzito, yote yanaandikwa kwa kitabu cha kliniki. Masikio anaachiwa Mungu. Akifika miaka miwili bila kuongea, shosho anasema hata babake alichelewa. Jirani anasema ulimi umeshikwa, akatwe. Na kwa nyumba ya mabati ni rahisi kudanganyika: ukifunga mlango kwa nguvu mtoto anageuka. Unadhani amesikia, kumbe amehisi ukuta ukitetemeka.

Hii kusubiri haikuanza jana. Kenya Society for Deaf Children iliundwa 1958. Shule za kwanza za viziwi, Mumias na Nyang'oma, zilianza mwanzoni mwa miaka ya 60, zote magharibi mwa nchi. Mzazi wa Kibera angevuka Bonde la Ufa kumpeleka mtoto darasa la kwanza.

Na akifika? Alikatazwa kutumia mikono. Kisa kilianza Milan, Italia, 1880, ambapo walimu wa viziwi, karibu wote watu wanaosikia, walipiga kura kwamba mtoto kiziwi afundishwe kuongea kwa mdomo, si kwa ishara. Uamuzi huo ulisambaa duniani mpaka ukatufikia. Mtoto alikaa darasani akitazama midomo ya mwalimu, akibahatisha. Lugha yenyewe ilikua bwenini, wakati walimu hawaoni. Ni mwishoni mwa miaka ya 80 ndipo serikali ilikubali ishara zitumike darasani. Halafu Katiba ya 2010 ikaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, hadi ikawa lugha rasmi ya Bunge.

Poa. Lakini mtoto wa miaka mitano ambaye hakuna mtu amegundua ni kiziwi, Katiba itamsaidia nini?

Hapa ndipo mambo ni mazito. Mwaka wa 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado, Marekani, walilinganisha watoto 72 waliogunduliwa kabla ya miezi sita na 78 waliogunduliwa baadaye. Wa kwanza walikuwa mbele wazi kwa lugha. Australia nao wamefuatilia watoto zaidi ya 400 waliozaliwa kati ya 2002 na 2007. Huko kila mtoto alipata huduma sawa akishagunduliwa, ila majimbo mengine yalikuwa yanapima wote wakizaliwa na mengine bado. Walipofika miaka mitano, waliopata vifaa mapema walikuwa na lugha bora.

Sababu si uchawi. Ubongo wa mtoto unajenga lugha miaka ya kwanza, na haujali kama inaingia kwa sikio au kwa macho. Kifaa cha kusikia, ishara, au vyote viwili, muhimu ianze mapema. Asipopata yoyote, hapotezi sauti tu. Anakosa maneno ya kusema anaumwa na wapi, ya kuuliza, ya kusimulia aliyemfanyia ubaya. Halafu mtaa unamwita "bubu", kana kwamba kosa ni lake.

Najua mtaniambia kipimo bila msaada ni bure. Kweli. Vifaa ni ghali, betri zinaisha, na mama akienda kujifunza ishara siku hiyo hajaenda kibarua. Kwa hivyo tudai vyote: kipimo, vifaa, na madarasa ya ishara kwa wazazi karibu na nyumbani. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, na Pumwani na Mbagathi ziko chini ya Kaunti ya Nairobi. MCA akikuja kuomba kura 2027, muulize hilo kabla ya kumuuliza barabara.

Na kama kuna mtoto kwenu, usingoje miaka miwili. Kliniki ijayo, mwambie nesi: "Naomba masikio yake yapimwe." Wakikosa mashine, uliza wapi ipo, na uende.