Lugha ya Alex: riwaya ya Burgess na sura yake iliyokatwa

Katika mwaka wa 1962, Mwingereza Anthony Burgess alichapisha huko London riwaya A Clockwork Orange, inayosawiri mji wa wakati ujao ambamo usiku ni mali ya vijana wenye wembe na minyororo. Alex, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, anaiba, anabaka na kuua. Anapofungwa, serikali inamdunga dawa na kumlazimisha kutazama picha za ukatili, mpaka mwili wake unakataa kutenda ovu lolote. Swali la Burgess, aliyelelewa katika Ukatoliki, ni hili: mtu asiyeweza tena kuchagua ubaya, je, wema wake ni wema?

Swali hilo limefumbatwa katika lugha. Alex husimulia kwa Nadsat, misimu ya vijana ambayo jina lake limetokana na kiambishi tamati cha Kirusi kinachounda hesabu za kumi na moja hadi kumi na tisa. Rafiki ni droog, maziwa ni moloko. Na khorosho, yaani "vizuri", limegeuzwa kuwa horrorshow, ambalo kwa sikio la Mwingereza ni maonyesho ya kutisha. Indubili ya Bukavu ilizaliwa vinywani mwa vijana wenyewe. Nadsat ilitungwa mezani, kwa makusudi. Misimu halisi ya miaka ile ingechakaa upesi, na tena maneno mageni huweka pazia kati ya msomaji na damu. Msomaji hujifunza lugha ya muuaji pasipo kufundishwa. Ndiyo maana Burgess hakuipenda faharasa iliyoongezwa katika toleo la Marekani.

Toleo hilo lilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Burgess aliandika sura 21, idadi ya miaka ya utu uzima kisheria katika Uingereza ya wakati ule. Mchapishaji wa New York aliiondoa ya mwisho, ambamo Alex anachoshwa na ukatili na kutamani mke na mtoto. Filamu ya Stanley Kubrick ya 1971 ilifuata kitabu hicho kilichokatwa, na pazia la maneno likawa picha wazi. Hata mavazi meupe yaliyoigwa na vijana wengi ni ya filamu. Katika riwaya, Alex huvaa suruali nyeusi ya kubana.

Wanamuziki, yaelekea, walisikiliza maneno kwa makini zaidi. Mjini Sheffield, Heaven 17 (1980) walichukua jina la bendi inayotajwa riwayani, na Moloko (1994) wakachukua lile la maziwa. David Bowie, aliyefungua maonyesho yake ya 1972 kwa muziki wa filamu hiyo, aliimba kwa Nadsat katika albamu yake ya mwisho, Blackstar, ya 2016.

Sura ya 21 iliwafikia wasomaji wa Marekani mwaka 1986. Wakati huo Alex wa kofia nyeusi na mavazi meupe alikuwa amekwisha kutazamwa kwa miaka kumi na mitano, akiwa kijana asiyekua.