Chuma cha Ukinga na Jembe la Ikolo

Nchi ya Ikolo, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ni tambarare ya mpunga. Chuma chake kilitoka mbali. Wazee wa Kinyakyusa husimulia kwamba wakuu wao wa kwanza walishuka kutoka Ukinga, wakaleta moto, ng'ombe na chuma. Huko milimani wahunzi waliyeyusha mawe tanuruni kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki, wakashuka navyo kuvibadili kwa chakula. Hivyo mlima na bonde vilitegemeana. Wamisioni walifika Unyakyusa mwaka 1891. Baadaye majembe ya viwandani yakaenea, na tanuru zikazimika. Tulipata jembe rahisi, tukapoteza sababu ya kutembeleana. Yafaa basi tuyaandike majina ya kazi hiyo kabla hayajasahauliwa.